Kitabu cha maboyi

Kila mwaka, mwezi wa sita ukifika, telefone zetu zinajaa picha zilezile. Lumumba mbele ya mikrofoni. Mfalme Baudouin amesimama ndani ya gari. Halafu ule mtu anayekimbia na upanga wa mfalme mkononi. Ile picha ya upanga naipenda sana, sisemi uongo. Lakini ilipigwa Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville, na sisi wa Lubumbashi tunatumiana kama vile huku kwetu historia ilikuwa imelala.

Na sikukuu za muji wetu wenyewe? Tunakopi fungu lilelile: Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, Wangermée njo alisimamia, reli kutoka Rhodesia ikafika mwaka uleule, jina likabadilishwa mwaka 1966. Yote ni kweli. Nilifundishwa hivyo shule ya msingi, nikafundishwa hivyo sekondere, nikaandika hivyo katika mtihani wangu wa kwanza kule Kasapa na nikapata pointi nzuri. Ila ukimaliza kusoma lile fungu, haujui bado nani alikuwa anamupikia Wangermée.

Kitabu ninachotaka kuzungumzia leo kiliandikwa na watu wa jikoni. Jina lake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville. Usidanganywe na lile jina, na tafazali usisahihishe Kifaransa chake. Si kamusi. Ni historia ya muji wetu toka wakati wa Leopold II mpaka mwaka 1965, na imeandikwa kwa Kiswahili chetu, hiki cha Lubumbashi, tunachosema sokoni na ndani ya basi, si kile cha katekisimu. Aliyeiandika na kuikusanya ni André Yav. Hakuwa mwalimu, hakuwa padri. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, boyi kama walivyosema, na aliandika kwa niaba ya chama cha maboyi wa zamani wa komini za Élisabethville.

Pima ile mwaka vizuri. Uhuru una miaka mitano tu. Secession ya Katanga imeisha mwezi wa kwanza 1963, muji bado una vidonda. Na wazee waliofua nguo za Wazungu, waliopiga pasi, waliobeba watoto wa wenyewe, wanakaa pamoja na kuamua: historia ya huu muji tutaiandika sisi. Chama cha maboyi! Sisi tuko na chama pia, chama cha wenye diploma, tuko na komite, tuko na mweka hazina, na mpaka leo hatujaandika pamoja hata kurasa tano. Basi, tuendelee.

Nilikutana na hiki kitabu vibaya. Nilikuwa mwaka wa tatu. Mwalimu mmoja alileta fotokopi ya ukurasa mmoja mu oditware, akatuonyesha namna maneno yamekatwa mahali pasipofaa, mengine yameshikamana matatu pamoja, nukta inakuja inapotaka, neno moja limeandikwa namna mbili kwenye mstari mmoja. Akasema hii si chanzo cha historia, hii ni kitu cha wanaisimu, cha kuonyesha namna mtu asiyesoma sana anavyoandika. Tukacheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nilicheka kwa sauti ili anione.

Miaka miwili kiisha nikaanza memware yangu juu ya maisha ya wafanyakazi. Kila kitabu nilichofungua, cha Kifaransa ao cha Kiingereza, pale chini ya ukurasa kulikuwa jina la Yav. Nikaenda maktaba. Rafu ya historia: hakuna. Rafu ya Katanga: hakuna. Nikakipata kwenye rafu ya lugha, juu kabisa, kinahitaji kiti. Na kusema kweli kosa halikuwa la maktaba yote. Kitabu chenyewe, kile alichokitoa Johannes Fabian mwaka 1990 pamoja na msaada wa Kalundi Mango na maelezo ya lugha ya Walter Schicho, kilichapwa Amsterdam na Philadelphia ndani ya mfululizo wa vitabu juu ya lugha za krioli. Historia ya Kamalondo na Katuba, imewekwa pamoja na sarufi. Ukitafuta baba yako kwenye orodha ya wagonjwa na yeye iko kazini, hautamupata.

Sasa nisikilizeni, juu hapa njo kuna uzito wa mambo. Siku ile nilikaa na kile kitabu saa tatu nzima na sikuelewa kitu. Mimi, mutoto wa Lubumbashi, Kiswahili changu mwenyewe! Macho yalikuwa yanapita juu ya herufi, yanajikwaa. Nilirukia tafsiri ya Kiingereza na aibu ilinishika: nilikuwa nasoma Kiingereza ili nielewe nkambo wangu. Ndipo nikarudia maelezo ya Fabian na nikaona kwamba hata wao walikwama vilevile. Walifanya nini? Kalundi Mango alichukua maandishi akayasoma kwa sauti, wakarekodi ile sauti, kisha wakaiandika upya. Kwa hiyo ndani ya kitabu kuna maandishi ya Yav kama alivyoyaacha, na kuna maandishi mengine yaliyotoka mdomoni mwa Kalundi. Yav hakuandika kwa ajili ya macho. Aliandika namna mtu anavyosema, pumzi kwa pumzi, na mahali pumzi inapoisha njo nukta yake.

Nikatoka inje, nikakaa chini ya muti, nikaanza kusoma kwa sauti. Ikafunguka. Wanafunzi waliopita walifikiri ninasali.

Hapo nikakumbuka mtu mwenye masikio kuliko mimi. Nkambo wangu mwanaume yuko Katuba. Alizaliwa mwaka 1940, macho yanaanza kumuacha lakini masikio bado, na Kiswahili cha Élisabethville anacho chote. Familia yote inajua kwamba nkambo alikuwa karani wa Union Minière. Kuna picha yake ukutani kwenye salon: kijana mwembamba, kaputula nyeupe, shati nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, amesimama mbele ya baraza yenye nguzo. Chini ya ile picha tumekua sote. Baba yangu alikuwa anatuonyesha kila mara tunapopata pointi mbaya: muone nkambo wenu, karani akiwa na miaka kumi na tano, ninyi mnashindwa na nini?

Jumapili moja nilimubebea kurasa nikaanza kumusomea. Mwanzo alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza radio, kichwa upande. Kisha akaweka kikombe chini.

“Nani aliandika hii?”

“Mzee mumoja, nkambo. Anaitwa Yav. Mu 1965.”

“Aliandika vile tunasemaka.” Akanyamaza. “Soma tena pale. Pole pole.”

Tulikuwa kwenye majina. Hapa mniruhusu nikae kidogo, juu hili njo jambo ambalo memware yangu ililikosa na ambalo linanifanya niseme kitabu hiki ni cha historia na si cha isimu. Wafanyakazi wa Élisabethville walimupatia kila Mzungu jina lao. Direkta, daktari, polisi, bwana wa nyumba, kila mumoja alikuwa na jina lake la pili, na mara nyingi yeye mwenyewe hakulijua. Katika karatasi za kampuni na za serikali utapata jina la Kifaransa tu. Katika kumbukumbu za wazee wetu utapata jina la pili tu. Mtu mumoja, majina mawili, na hakuna mlango kati. Ndiyo maana tunapowauliza wazee juu ya mwaka fulani na kisha tunaenda kuhakikisha mu arshivi, tunarudi mikono mitupu na kusema wazee wanasahau. Hawasahau. Tunatafuta kwa ufunguo ambao si wa ule mlango. Yav na wenzake waliona hiyo shida mapema, na nafikiri njo sababu waliita kitabu chao Vocabulaire. Majina kwanza. Ukiyapoteza majina, hata ukiwa na tarehe zote, haujui zinamuhusu nani.

Nkambo alicheka na yale majina. Mengine aliyajua. Halafu akasema, kama mtu anayesema hali ya hewa: “Wangu tulimuita Bwana Polepole. Juu hakukuwa na pole hata kidogo.”

“Wako wa ku biro?”

Hakujibu haraka. Aligeukia ukuta, ile picha, ingawa sijui kama aliiona.

“Mama,” akaniambia, na akiniita mama ninajua ni jambo zito, “pale si biro. Pale ni ku nyumba. Ile baraza nilikuwa naipanguza kila asubui.”

Hivyo njo nilijua. Kaputula nyeupe na shati nyeupe, kumbe ni nguo za boyi. Aliingia kazi mwaka 1955, boyi mudogo wa kusaidia mupishi, akalala mu boyeri nyuma ya parcelle. Union Minière aliingia kweli, lakini ni kiisha uhuru, na aliingia kwa mikono, si kwa kalamu. Ukarani ulizaliwa siku alipoenda kuposa nkambo mwanamke, juu baba mkwe alikuwa mtu wa kujiona, na kiisha pale hapakuwa tena na siku nzuri ya kuusahihisha.

Wengine wenu mutasema hii si ukosoaji wa kitabu, hii ni mambo ya kwetu. Ngojeni. Ukosoaji ni kuuliza kitabu kinafanya nini. Hiki, kikisomwa kwa sauti kwa dakika arobaini, kilifanya kitu ambacho maswali yangu yote ya memware, na fomu yangu yenye visanduku vya kutia alama, vilishindwa. Nilikuwa nimekwisha kumuhoji nkambo mwaka uliotangulia! Iko mu annexe yangu, karani, Union Minière, 1955. Pointi kumi na saba juu ya ishirini.

Kwa nini alisema kwa Yav na hakusema kwangu? Nimemuuliza. Jibu lake: “Weye uliuliza kama polisi. Ule mzee anasema kwanza yake.”

Kitabu cha Fabian kina jina kubwa la Kiingereza, History from Below, yaani historia toka chini. Nilimutafsiria nkambo, nikiwa na furaha kidogo, nikifikiri ataona kwamba watu wa Ulaya wanamuheshimu. Akakunja uso. “Chini ya nani? Bwana alikuwa anaikala ku meza. Miye nilikuwa nasimama. Nani alikuwa chini?” Nimesoma kurasa nyingi za kinazaria juu ya neno hilo, sikukutana na pingamizi lenye nguvu kuliko hilo. Boyi aliona meza kutoka juu. Aliona nani amekunywa, nani hajala, barua gani imechanwa. Muji ulikuwa umekatwa vipande viwili, ville ya Wazungu na cité ya Weusi, katikati kumewekwa ukanda mtupu, makusudi, na usiku Mweusi alihitaji karatasi ili awe upande wa pili. Mzungu hakujua cité. Mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na kambi yake na hakujua chumba cha kulala cha direkta. Aliyevuka kila siku, ao aliyelala upande wa pili kabisa nyuma ya jikoni, alikuwa boyi. Kama mtu anataka kuandika historia ya muji mzima na si ya nusu yake, nani alikuwa na nafasi nzuri kumupita? Namushukuru Fabian kwa kazi aliyoifanya, na kwa kuheshimu kila herufi ya Yav. Lakini lile jina la jalada, hapana. Ni jina la mtu anayetazama toka dirisha la chuo kikuu.

Sasa, nisije nikageuza wazee kuwa malaika. Tarehe nyingine za kitabu hazipatani na vyanzo vingine, na katika memware nilisema hivyo wazi. Mwandishi anaruka, anarudi, anasimulia kama mtu mwenye uhakika mahali ambapo alipashwa kusema nilisikia. Na kuna batumbula. Mnajua wale: watu waliosemwa kwamba wanakamata Weusi usiku na kuwapeleka kwa Wazungu ili waliwe. Kitabu kinasimulia kama kinavyosimulia mshahara na posho, bila kubadilisha sauti. Mwalimu wetu alisimama hapo hasa ili tucheke.

Je, Wazungu wa Élisabethville walikula watu? Hapana, na mtu wa historia asiogope kusema hapana. Lakini nilipofika pale nilimuangalia nkambo, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Akasema, “Weye unacheka juu haukupita kule usiku.” Kisha akanieleza kutembea toka kwa bwana mpaka kwa ndugu zake cité, giza, barabara tupu, bila kujua polisi yuko wapi, na kwamba mtu akikamatwa nyumbani hawapati habari siku mbili tatu, na wakati mwingine anarudi hataki kusema. Hadithi ya batumbula haituambii kilicholiwa. Inatuambia saa ngapi watu waliogopa, na barabara gani. Hakuna ripoti ya komisa wa polisi itakayokupa hiyo ramani.

Wekeni kando yake kitabu kingine, kisha muamue. Mwaka 1956 Union Minière ilitimiza miaka 50, juu ilianzishwa 1906, na ikatoa kitabu cha sikukuu: Union Minière du Haut-Katanga 1906-1956, kimechapwa Bruxelles, kikubwa, kizito, chenye picha za kupendeza. Nilikisoma chote mwezi ule ule. Ni kitabu kizuri na nimekitumia sana, sina haya. Utapata matanuru, utapata mashimo ya Kipushi, utapata hospitali na shule za kambi. Utapata tani. Wafanyakazi Weusi wamo, wengi sana, ni hesabu ao ni mstari wa watu mbele ya kamera. Nilianza kutafuta jina la mumoja wao, jina na sifa yake kama wanavyopewa maenjinia, nikachoka mbele ya kulipata. Mwaka ule wa sikukuu nkambo alikuwa na miaka kumi na sita, anapeleka sahani. Kinywaji cha miaka 50 kilipitishwa kwenye sinia na watu wa aina ya Yav, na miaka tisa kiisha wao wakaandika kitabu chao, bila karatasi nzuri, bila picha, bila mchapaji. Sisi tumerithi vitabu viwili vya muji mumoja. Tunapofanya anniversaire, kila mara tunafungua kile cha 1956.

Na tunachagua siku vilevile. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1941, wakati wa vita, wafanyakazi Weusi wa Union Minière walikuwa wamegoma wakitaka mshahara uongezwe, kiisha Wazungu kugoma mbele yao na kusikilizwa. Asikari walifyatua risasi juu ya watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa hapa Élisabethville. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina lao, ni mumoja wa waliouawa. Hesabu ya wafu inabishaniwa mpaka leo. Mwaka jana tarehe 9 ilipofika nilichungulia magrupu yangu yote, ya promosyo, ya parokia, ya wanahistoria. Kulikuwa matokeo ya Mazembe na mtu anayeuza mkaa.

Kuna dosari nyingine ya kitabu cha maboyi ambayo sijaona watu wakiisema sana, labda juu wengi walioandika juu yake ni wanaume. Kwa jiko lote lile, wanawake hawasemi. Mu Élisabethville kazi za nyumbani za Wazungu zilikuwa za wanaume, kupika, kufua, kupanguza, na chama kilikuwa cha wanaume. Sawa. Lakini wale wanaume walikuwa na wake, ambao waliishi na mume anayerudi usiku na mabaki ya mezani mfukoni, ao asiyerudi. Nkambo mwanamke alikufa mwaka 2014. Yeye aliolewa na karani. Sijui kama alikufa anajua. Hilo swali hakuna kitabu kitakachonijibu, na nkambo mwanaume nimeona nisimuulize.

Ni uongo pia kusema kwetu hakuna aliyefanya kitu. Toka mwaka 2000 watu wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na Profesa Dibwe dia Mwembu, walizunguka makomini wakiomba watu hadithi na vitu vya nyumbani, pasi za makaa, baiskeli, nguo, picha, na wakaviheshimu kama urithi. Kitabu chao cha 2001 kina neno Ukumbusho mu jina. Sammy Baloji alichukua picha za zamani za wafanyakazi akazipandikiza juu ya magofu ya Gécamines ya leo, na dunia nzima ikatazama. Na mbele yao wote, mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika michoro 101 akimuelezea Fabian huyuhuyu kwa Kiswahili. Michoro ilienda Amsterdam. Maelezo yalitoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Munaona mustari? Kinasemwa kwa Kiswahili, kinahifadhiwa mbali, kinarudi kwa lugha nyingine, na bei yake ni mshahara wa mwezi wa mwalimu. Sikutani na toleo la Yav ambalo mwanafunzi wa sekondere wa Ruashi anaweza kununua na kusoma kwa Kiswahili bila kupitia Kiingereza. Tuna idara, tuna wanaisimu, tuna wachapaji wa kalenda za uchaguzi. Kazi ile ni ya miezi mitatu.

Kwa wakati huu, habari njema: maandishi yote ya Yav, pamoja na yale aliyoyasoma Kalundi, yamewekwa bure kwenye intaneti toka mwaka 2001, mahali panapoitwa Archives of Popular Swahili. Ni maandishi matupu, hayali mega nyingi. Musiyasome kwa macho. Mutafute mzee, mukae.

Nilipomuambia baba yangu kwamba nitaandika hii, alikasirika. Hakupiga kelele, baba yangu hapigi kelele. Alisema tu kwamba kuna mambo ya mu nyumba, na kwamba watoto wa wadogo zake watasoma. Halafu akasema kitu kimoja ambacho bado kinanisumbua: kwamba yeye alisoma mpaka mwisho juu ya ile picha, na kama mambo ni hayo basi alisoma juu ya nini? Sikuwa na jibu. Nilienda Katuba kumuuliza mwenye picha. Nkambo alifikiri muda mrefu, akaomba maji, akanywa. “Andika,” akasema. “Lakini jina usiweke. Ule Yav aliweka jina lake, yeye alikuwa na chama. Miye niko peke.”

Kwa hiyo jina sikuweka. Picha bado iko ukutani mahali pake, na hakuna aliyesema itolewe.

Tumebakiza kurasa chache. Ninamusomea jumapili, kiisha misa, mbele ya mpira. Jumapili iliyopita alinisimamisha juu ya jina la Mzungu mumoja, akasema ule alikuwa anaikala karibu na bwana wake, na kwamba boyi wake alikuwa mtu wa Kasenga, alikuwa anaimba vizuri akipiga pasi, mpaka watu wa parcelle ya pili walikuwa wananyamaza ili wasikie. Jina la ule boyi lilikuwa linakuja na kurudi. Tulingoja. Mpira ulikuwa umekwisha kuanza lilipokuja, na nikaliandika pembeni ya ukurasa kwa kreyo.